Asili ya Utani wa Nyati na Nungunungu

Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na chumvi.
Na mchoyo akawa!

Hapo kale, kabla bibi yangu hajaota meno, Mfalme Nyati alizungushia boma bonde la chumvi. "Chumvi ni ya wenye pembe," akasema. Nungunungu na wanyama wadogo wakaingia msituni wakaasi, na vita vikaanza.

Bi Ngiri, mjane wa watu, alikuwa na wana wawili. Mkubwa alikufa katika jeshi la mfalme, kwa mwiba wa Nungunungu mwenyewe. Mdogo, Kibange, akatorokea kwa waasi. Basi mama wa watu usingizi ukampaa. Alikwisha kuzika mmoja, hakutaka kuzika wa pili.

Mfalme akatuma jeshi. Likaenda likiimba, likarudi likichechemea. Akatuma tena. Likaenda likiimba, likarudi likichechemea. Akatuma mara ya tatu. Safari hiyo hata kuimba hawakuimba.

Bi Ngiri akaenda kwa mfalme. "Mfalme wangu, umewauliza wanataka nini?"

"Waasi hawaulizwi, mama."

"Basi endelea kuchimba makaburi. Ardhi bado ipo."

Mfalme akawatazama askari wake wanaochechemea. Kisha akasema, "Nenda kawaulize."

Akaenda. Nungunungu akasema, "Tunataka chumvi." Akarudi. Mfalme akasema, "Nitatoa."

Akaenda. Nungunungu akasema, "Na kiti barazani pia. Cha kupewa leo, kesho hunyang'anywa." Akarudi, miguu imemvimba. Mfalme akafoka, akanywa maji, akakubali.

Akaenda. Nungunungu akasema, "Tutakaaje baraza moja na waliotuulia wenzetu? Ulimi ukiteleza, tutachinjana upya."

"Basi muwe watani," akasema Bi Ngiri. "Mdomo useme utakalo, mkono usiinuke. Na penye msiba, mtani ndiye wa kuhudumia kaburi."

Pande zote zikaafiki.

Siku ya mapatano ikafika. Nungunungu akakalia kiti chake, akamtazama mfalme. "Hicho ni kichwa, au gogo la kuni?"

Askari wakainamisha pembe. Bi Ngiri akamwona Kibange kule kwa waasi, akashikwa na hofu.

Mfalme akavuta pumzi. "Nawe ulizaliwa, au mama yako alijifungua ufagio?"

Baraza zima likaangua kicheko. Kibange akamkimbilia mama yake, wakakumbatiana wakilia.

Kisha Bi Ngiri akamgeukia Nungunungu. "Mtani, njoo."

Akampeleka kwenye kaburi la mwanawe mkubwa, akampa ufagio. Nungunungu akafagia. Bi Ngiri akamtukana, yeye na ukoo wake na miiba yake. Nungunungu akaendelea kufagia. Jua lilipokuchwa akasema, "Nitakuja tena kesho, mama."

"Uje," akasema Bi Ngiri. "Sijamaliza."

Hapo ndipo nilipowaacha. Wajukuu zangu, adui akikushinda kumwua, muulize anataka nini. Na ukiweza, muulize kabla hujazika. Mimi nilipita bondeni nikalamba ile chumvi, ndiyo maana koo limenikauka. Nani ananiletea maji?