Ukurasa wa Katikati

Ndugu zangu, sogeeni mbele, mzibe nafasi. Nina mfano mmoja wa kuwapa leo, na mnanijua, nikianza huwa sijui pa kuishia. Nivumilieni.

Palikuwa na madaktari wawili katika hospitali moja. Mmoja wa mifupa, mwenzake wa magonjwa ya ndani. Walikuwa marafiki kwelikweli, wamesoma pamoja, na kila siku saa nne asubuhi walikunywa chai meza moja pale kantini. Na watu wa hospitali wana utani wao. Wa mifupa alikuwa akimwambia mwenzake, "Nyinyi mnamhoji mgonjwa mpaka anapona kwa kuchoka." Naye wa ndani anamjibu, "Na nyinyi mna nyundo na msumeno. Mtu mzima akiingia, mnachokiona ni mguu tu." Basi yule wa mifupa akabatizwa jina Seremala, na huyu wa ndani akaitwa Khatibu, maana maelezo yake kwenye faili yalikuwa marefu kama hotuba ya Ijumaa. Msinitazame mimi, huu ni mfano tu.

Utani wao ulipendwa. Wauguzi walikuwa wakivuta viti wasikilize. Lakini kidogo kidogo Seremala akajijengea desturi. Faili likitoka kwa Khatibu, anafunua moja kwa moja ukurasa wa mwisho, anasoma mstari wa mwisho kwa sauti, anasema "Amina," halafu analifunga. Watu wanacheka, na Khatibu naye anacheka. Nani kati yetu hacheki akitaniwa mbele ya watu? Unacheka, lakini unaondoka nalo moyoni.

Akaletwa mama mmoja, mpishi wa shule, aliyeteleza jikoni akavunjika nyonga. Seremala akapanga kumpasua Jumatano, lakini kwa kuwa mama ana maradhi ya moyo, akamwomba Khatibu ampime kwanza. Jumatatu Khatibu akavuta kiti kando ya kitanda. Na tumpe haki yake, alikuwa na subira. Alimuuliza mama habari zake moja baada ya nyingine, mpaka mama akafungua fundo kwenye pindo la kanga yake, akatoa pakiti tupu ya vidonge.

"Nilipewa kliniki ya mjini, baba. Vya kulainisha damu. Nimekunywa mpaka juzi."

Khatibu akaisoma ile pakiti, uso wake ukabadilika. Mtu anayetumia vidonge vile hapasuliwi mpaka aviache siku kadhaa, kwa sababu damu yake ikianza kutoka haikubali kusimama.

"Umefanya vizuri sana kunionyesha, mama."

"Mie hata jina lake siwezi kulitamka," mama akasema. "Utawaambia wenzako?"

"Nitawaambia."

Khatibu akaandika kurasa tatu. Kwenye ukurasa wa katikati akaandika habari ya vile vidonge, kwamba mama asiguswe na kisu kabla ya siku tano, na ile pakiti akaibandika hapohapo kwa plasta. Na kwenye mstari wa mwisho wa ukurasa wa mwisho akaandika: "Yakitimizwa ya juu, anaweza kupasuliwa."

Jumanne wakanywa chai kama kawaida. Seremala akamtania kuhusu tai yake, wakacheka.

Jumatano asubuhi Seremala akachukua faili, akafunua mwisho, akasoma, "Anaweza kupasuliwa. Amina." Ile pakiti ilipita chini ya kidole chake gumba. Daktari wa usingizi akauliza kama mgonjwa yuko sawa, akajibiwa kwamba Khatibu amemwona na ameruhusu. Kwa kuwa wote walijua Khatibu ni mtu wa kuchunguza, hakuna aliyefunua tena.

Damu haikusimama. Walihangaika naye, Mungu anajua walihangaika. Kabla ya adhuhuri yule mama akarejea kwa Mola wake, na shule ile watoto walikula chakula kilichopikwa na mtu mwingine.

Sasa hapo mnasema, Seremala ndiye mkosa. Hata mimi ningesema hivyo, mfano ungekuwa umeishia hapo.

Seremala alikwenda ofisini kwa Khatibu, bado kavaa viatu vya chumba cha upasuaji. Akafunga mlango.

"Nimekuja kukiri, ndugu yangu. Sikusoma."

Khatibu akasema, "Nilijua hutasoma."

"Ulijua lini?"

"Tangu naandika. Nikasema, ngoja niliweke katikati, siku moja na yeye alazimike kusoma. Nilidhani muuguzi ataliona, au watu wa usingizi, uumbuke kidogo, kisha tulicheke mezani."

"Jana tulikunywa chai."

"Nilikuwa nasubiri uniulize."

"Ungenitamkia neno moja tu."

"Ningekutamkia," Khatibu akasema.

Wanaume wawili wenye elimu, wenye mapenzi mema, waliokuwa tayari kumsaidia yule mama kwa yote waliyosomea. Mmoja hakusoma kwa sababu ya utani. Mwenzake hakusema kwa sababu ya utani uleule. Naona uchungu hata kuwasimulia.

Mnadhani nawasema madaktari? Sina habari na madaktari. Nasema sisi. Sisi tunao wetu tuliowapa majina. Dada mlalamishi, kaka msomi asiyejua maisha, shangazi wa maneno mengi. Akituma ujumbe wa sauti wa dakika nne, tunasikiliza sekunde kumi za mwisho, tunajibu "sawa." Je, tunajua katikati alisema nini? Huenda alisema anaumwa, au mtoto wako amebadilika.

Na upande wa pili tuko sisi tuliopachikwa majina. Tumedharauliwa kidogo, basi tunalo neno la kumwokoa mtu, tumelikalia, tunasubiri aje atuulize kwa heshima. Tunajiambia, mimi niliandika, mimi niligusia, akili kichwani mwake. Yule mama hakuuliza kama Khatibu ataandika. Aliuliza kama atawaambia, akajibiwa ndiyo, akafunga pindo la kanga yake akalala na amani.

Nami sijasalimika. Mwadhini wetu, huyo pale nguzoni, husema nikishika kipaza sauti watu wanaota mvi. Mnacheka, nami hucheka. Lakini wiki ya pili sasa kuna jambo la mwanawe nimelijua, na mzazi angependa alijue mapema. Nikawa nangoja aache kunitania kwanza. Ndiyo, mimi, mnayeniita imamu.

Nikimaliza hapa sitamtumia ujumbe. Nitakwenda pale nguzoni, nitakaa chini, nitamwambia kwa mdomo wangu. Na kila mmoja wenu anamjua wa kwake. Mwendeeni huyo kabla ya Jumatano yake.