Kitanda cha Pili Melini

Hapo zamani, si ile ya majini na wafalme, ni zamani ya juzi tu, meli nyeupe zilipoanza kutia nanga mjini na kubeba watu wasio na shughuli yoyote huko waendako, alikuwako mjane aitwaye Bi Somoe. Mumewe, Famau, alikuwa fundi wa mitambo katika meli za mizigo. Alikufa, akazikwa, na Bi Somoe akakaa eda mpaka ikaisha.

Mji ule ulikuwa na desturi. Mjane akitoka eda hutembezwa, na safari hiyo ya kwanza hachagui yeye. Jamaa huchagua, yeye hufuata. Wajane wengi walipelekwa umra. Bi Somoe akaambiwa atapanda meli ya matembezi, chumba cha vitanda viwili, na bandari tatu za kuteremka.

"Kwa nini meli?" akauliza.

"Shemeji, miaka yote umemsindikiza mume bandarini ukarudi nyumbani," akajibu Shali, ndugu wa marehemu. "Safari hii panda wewe."

Lilikuwa jibu zuri. Bi Somoe akalipokea, akalitia akilini.

Jamaa wakakaa kuchagua bandari. Shali akataja Ngazija, kwa kuwa babu zao walitoka huko. Twalib, mwana wa kiume, akataja Shelisheli. Mwanaheri, binti, akataja Mahajanga.

Twalib akaweka kikombe chini. "Mahajanga kuna nini? Jua na mbu."

"Na hapa kwetu kuna theluji?" Mwanaheri akamjibu.

Hakuna aliyecheka. Bi Somoe alijua jambo moja tu kuhusu Mahajanga: meli ya Famau ilikuwa ikitengenezwa huko, na matengenezo yalikuwa hayaishi. Akawatazama. Mwana alitazama dirisha, binti alitazama kucha zake, shemeji alitazama kahawa yake. Akalitia akilini na hilo.

Siku zikapita. Wakala wa safari akapiga simu. "Mama, yale mabadiliko tumeyapokea. Mahajanga imetoka, imeingia Nosi Be."

"Nani kaitoa?"

"Kijana wako. Kasema una pumu, vumbi la kule litakudhuru."

"Irudishe," akasema Bi Somoe.

Akapika mbaazi za nazi, akakaanga mahamri, akawaita wote watatu. Waliponawa mikono, kabla hawajamega, akauliza, "Twalib, nina pumu tangu lini?"

Twalib akarudisha mkono mapajani.

"Mahajanga nimeirudisha. Mtaniambia hapa kuna nini, au nitaambiwa huko na watu nisiowajua?"

Twalib akasema, "Kuna mke, Mama. Baba alioa. Kuna watoto wawili."

Bi Somoe hakulia. Alisogeza sinia kando. "Tangu lini unajua?"

"Tangu aliponichukua chomboni kujifunza kazi. Nililala katika nyumba ile. Nimenyamaza tangu hapo."

"Ulinificha mimi, au uliificha mirathi? Maana haijagawanywa bado, na wale ni warithi."

"Nilianza kuficha Baba akiwa hai, Mama. Mirathi ilikuwa wapi? Nilitaka uzeeke na mume uliyemjua."

"Na tangu alipokufa?"

Twalib akaanza kuyapanga upya mahamri. Bi Somoe akamgeukia binti. "Na wewe?"

"Mimi nilijua ukiwa edani," akasema Mwanaheri. "Yule mama alipiga simu. Alikuwa analia, anataka kuja kuhani, akupe pole. Nikamkatalia. Nikasema utoke eda kwanza, kisha nikupeleke ukaone kwa macho yako, pasiwe na wa kukudanganya tena."

"Kwa hiyo ungeniteremsha melini nikidhani nakwenda kununua vikapu?"

"Ningekwambia njiani, Mama."

"Njiani wapi? Ngazini?"

Mwanaheri akainamisha kichwa. Akabaki Shali.

"Shemeji," akasema Shali, "mimi nilikuwa shahidi wa nikaha ile. Famau akaniapisha nisikwambie, wala nisimwambie mtu. Nikaapa. Kila ulipouliza, 'Shali, yu salama?' nilisema yu salama, na alikuwa salama. Sikukudanganya hata mara moja."

"Ulikuwa ukila kwangu kila Ijumaa."

"Nilikuwa nikila. Na ni mimi niliyetaka meli badala ya umra, kwa kuwa ni meli hii tu inayotia nanga kule. Niliapa kutokusema. Sikuapa kutokupeleka."

"Lakini Mahajanga hukuitaja, Ami," akasema Twalib. "Ulimwachia Mwanaheri aseme."

"Na wewe ulimpa mama yako pumu," akajibu Shali.

"Tulieni," akasema Bi Somoe. "Mambo ya kiume mtayamalizia nje. Mimi nitakwenda. Nitaubisha mlango ule, nimwone, anione, kisha mirathi igawanywe, yeye na watoto wake wakiwemo. Lakini siubishi peke yangu. Kitanda cha pili ni cha nani?"

"Changu," akasema Twalib. "Nyumba naijua, watoto wananijua. Na mwongo akitaka kutubu, aanzie pale alipodanganya."

"Changu," akasema Mwanaheri. "Nyie wawili mmemficha miaka, mimi miezi. Na mimi ndiye niliyemkatalia yule mama kuhani. Nina deni la kumwomba radhi."

"Changu," akasema Shali. "Watu wakikana kuwa ni ndoa, au nyinyi mkikana, shahidi aliye hai ni mimi peke yangu."

Mbaazi zikapoa. Bi Somoe akawatazama mmoja mmoja, na kila aliyemtazama alimwona na jambo jingine nyuma ya lile alilolisema. Simu ikalia. Alikuwa wakala. Orodha ya abiria inafungwa, akasema, jina la pili ni nani, mama?

Haya basi, mliokaa hapa mkasikia. Mmoja alificha ili asimuumize. Mmoja alipanga njia ila hakusema iendako. Mmoja alitimiza kiapo kwa kaka yake na akamvunja moyo shemeji yake. Bi Somoe ameshika simu, na wakala anangoja. Mngekuwa nyinyi, mngetaja jina gani? Je, nani kati yao alistahili kusimama naye mbele ya mlango ule?