Mfuko Ulioshonwa

Kila mkishiba mnanijia: bibi, hadithi. Mdomo wangu ni bomba la mtaa, kila mtu aje na ndoo yake? Na mnaitaka hii hii, yenye maiti ndani. Basi kaeni. Atakayelia atoke nje akalie huko, mimi sina leso ya kumpangusa mtu.

Hapo zamani, enzi za vita vya pili vya Mwingereza na Mjerumani, walikuja Nairobi wanawake wa Kizungu waliovaa kama askari. Koti la kaki, mkanda kiunoni, sketi chini ya magoti, tai shingoni, kofia, vifungo vya shaba vinavyong'arishwa kila asubuhi. Sisi wa Majengo tulikwenda kuwachungulia kama watu waendao ngomani. Tulicheka. Halafu tukawaona wanaendesha malori, tukanyamaza.

Koti hilo lilikuwa na mfuko mkubwa ubavuni. Si wa leso wala sigara. Ni wa bandeji, kitambaa cheupe chenye pamba nene ndani ya paketi. Kila askari lazima awe nayo, mwanamume kwa mwanamke, ili akichanika afungwe hapo hapo. Hiyo ilikuwa amri ya kwanza.

Amri ya pili ilikuwa ya Kapteni wao, mwanamke mrefu, mkavu. Kila asubuhi aliwapanga mstari akawapitia. Mfuko ukitokeza, anauchapa kwa kifimbo. "Ulale kama karatasi! Nyinyi ni askari au wauza viazi?"

Bandeji nene ndani, mfuko ulale kama karatasi. Wapi na wapi!

Kulikuwa na dereva mmoja, Misi Wini, mwembamba kama ufito. Koti alilopewa stoo lilikatwa kwa mtu mwenye upana wa mlango. Mara tatu mfuko wake ulichapwa, mara tatu akanyimwa ruhusa ya kutoka kambini. Aliporuhusiwa tu, akalipeleka koti kwa Fundi Feruzi, aliyeweka cherehani barazani, mlango wa tatu kutoka kwetu.

"Fundi, bana hapa. Na hii mfuko, shona, funga mdomo."

"Memsahebu, bandeji itakaa wapi?"

"Itakaa kwa sanduku yangu. Kambini."

"Kwani mtu huchanikia sandukuni?"

"Wewe fundi ama daktari? Shona."

Akashona. Na alishona vizuri, alikuwa na mikono mtu yule. Kesho yake Kapteni akapita, akatazama, akasema, "Hivi ndivyo."

Wiki ya pili Misi Wini alitumwa Naivasha na lori la mablanketi. Kando yake alikaa mlinzi, Askari Marijani, jirani yetu, mume wa Mwanakheri. Mtoto wao wa kwanza alikuwa hata siku arubaini hajatimiza. Kwenye mteremko gurudumu likapasuka, lori likagonga mwamba, bati la mlango likamchana Marijani paja. Damu ikaruka.

"Misi, bandeji!"

Mkono wa Misi ukaenda ubavuni. Vidole vikateleza juu ya kaki. Akaurarua mfuko kwa kucha, utadhani kitu kitajizalia humo. Hamna.

"Yako? Iko wapi yako?"

Marijani akatikisa kichwa. Misi akavua tai, akamfunga. Tai nyembamba, ikateleza. Akavua koti, akakandamiza. Koti likalowa mpaka kwenye vifungo. Gari la kuwaokoa lilipotokea, Marijani alikuwa amekwisha kata roho. Daktari akasema: angefungwa kwa bandeji mara ile ile, angefika hospitali akiwa hai.

Siku ya tatu ya matanga wakaja watatu kutoa pole. Mwanakheri yuko eda, kwa hiyo Misi na Kapteni wakaingia ndani kwa wanawake, na Fundi Feruzi akabaki kizingitini, nyuma ya pazia. Hawakukaribishwa hata maji. Mwanakheri aliuliza neno moja tu.

"Nani kaniulia mume wangu?"

Misi Wini akasema, "Mama, mimi nilisema shona. Lakini kosa si yangu. Mimi nachapwa kila siku kwa ajili ya mfuko."

Kapteni akasema, "Kosa si langu. Nilisema mfuko ulale, sikusema uwe mtupu. Wenzake thelathini walizifungua bandeji zao, wakazitandaza, zikalala."

Fundi akasema nyuma ya pazia, "Kosa si langu. Niliuliza, nikaambiwa mimi si daktari. Fundi hushona atakavyo mwenye nguo."

"Uliuliza kwa sababu ulijua," Mwanakheri akamwambia. "Ulijua, Feruzi, na ukashona."

"Nilijua. Basi na mimi niulize, shemeji, na usinichukie. Marijani alikuwa askari. Yake ilikuwa wapi?"

Nilikuwapo, nilisikia mtoto akinyonya. Mwanakheri akamtazama huyo mtoto, kisha akasema polepole.

"Niliifungua mimi. Kitovu cha mwanangu kilikuwa kinatoka damu, na vita vimemaliza kitambaa safi madukani. Nikamwambia Marijani akaombe nyingine stoo. Aliogopa kwamba akisema kaipoteza, watamtia ndani. Kosa si langu. Ningemwacha mtoto?"

Mngemjibu nini?

Wakubwa wa kambi wakakaa kikao chao, wakasema mwenye kosa ni mmoja, naye ni fundi, kwa kuharibu nguo ya Serikali. Kapteni akaendelea kupita mstarini na kifimbo chake. Misi Wini akapewa koti jingine. Mwanakheri akalea mwanawe, kitovu kimepona.

Feruzi alifungwa miaka miwili. Huko alikalishwa kwenye chumba chenye kidirisha kimoja, akashona mifuko ya kufungia maiti za askari, kwa mkono, maana cherehani hakupewa. Alipotoka hakuweza tena kutunga uzi kwenye sindano. Macho yalikwisha humo gizani, sindano yenyewe hakuiona. Aliishi hivyo mpaka tukamzika.

Haya, nyinyi mnaojua kila kitu. Misi aliyeagiza, Kapteni aliyechapa, fundi aliyejua, mke aliyefungua: je, nani kati yao alistahili kulipa kwa macho yake?