Viti vya Kuazima

Mkata mkonge mmoja alikuwa na binti, na binti huyo alifaulu mtihani. Hapo ndipo mateso yao yalipoanzia, jamani: kwenye kufaulu. Baba aliitwa Mwachofi, naye alifiwa na mkewe zamani. Binti ni Wakesho. Barua ya chuo cha ualimu ilipofika, Wakesho alimsomea baba yake mpaka penye ada, na Mwachofi akatafuta mahali pa kukaa.

Wakesho hakukaa kulia. Alitafuta ufadhili. Alisoma kila tangazo lililobandikwa, akabisha hodi kila ofisi, akajaza fomu, akazipeleka kwa chifu zigongwe muhuri. Akaambatisha nakala ya matokeo, barua ya mchungaji na cheti cha kifo cha mama yake. Mfuko wa kwanza haukujibu. Wa pili ulimjibu kwamba muda umepita. Ukabaki mmoja, nao ukamwandikia: majina yamechujwa na lako limebaki; kamati itakuja nyumbani kuona hali ya familia. Chuo kilikuwa kinafunguliwa mwezi uliofuata, na asipolipa, nafasi hiyo angepewa mwingine.

Sasa sikilizeni. Mwachofi alipoambiwa kamati inakuja nyumbani, yeye alisikia wageni wanakuja. Na kwao mgeni hakalishwi juu ya debe. Wakesho alimweleza kwa upole kwamba watu hawa wanakuja kuiona shida yao, basi yeye na baba yake waiache ionekane. Mwachofi akakasirika. Shida ni ya ndani, alisema, na marehemu asingekubali aibu hiyo nyumbani kwake. Nawaona mnacheka. Chekeni, lakini hakuna hata mmoja wenu ambaye asingefanya hivyo hivyo.

Akapita kwa majirani, na majirani hawakumwangusha. Huyu alimpa viti vya sofa na vitambaa vyake vya kufuma. Yule alimpa zulia, chupa ya chai na sahani za maua. Mmoja alileta hata televisheni, na nyumba haina umeme! Ikawekwa mezani, ikapendeza. Kuku alikuwa mmoja tu, akachinjwa.

Wageni walikuja watatu, wakala, wakashiba, wakashukuru. Mama aliyewaongoza akafungua faili lake, akatazama huku na huku, akamuuliza mzee kama familia inapata taabu yoyote. Mwachofi alimtazama mgeni wake machoni, akajibu kama mtu mwenye adabu anavyojibu siku zote:

"Hatujambo, mama. Mungu ametujalia, hatukosi."

Wakesho aliyasikia hayo akiwa jikoni, nyuma ya pazia. Alitaka kutoka na kupiga kelele kwamba wanakosa, kwamba wamekosa tangu alipopata akili. Lakini ni mwana gani anayemvua baba yake nguo mbele za watu? Akaosha sahani za watu. Sebuleni yule mama aliandika mstari mmoja, akafunga faili.

Orodha ilibandikwa kwa chifu wiki ya pili. Mbele ya jina la Wakesho paliandikwa: familia inajiweza. Mwachofi alikwenda mpaka ofisi ya mfuko ule kwa miguu, na kofia yake mkononi. Akawaambia: viti si vyangu, zulia si langu, hata kijiko mlicholia si changu. Karani alimsikiliza bila ukali. Akamwambia kila anayekosa huja na maneno kama hayo, na fedha zimeshagawiwa. Ilikuwa mara ya kwanza maishani Mwachofi kumwambia mtu wa nje ukweli wa umaskini wake, na hakuaminiwa.

Leo baba na binti wanakata mkonge mstari mmoja. Utomvu umemchubua Wakesho vidole, miiba imemchoma mikono, na nafasi yake chuoni anaikalia mtu mwingine. Hamlaumu baba yake hata kwa jicho. Humwekea maji ya kuoga, humpakulia kwanza, humwita baba kwa sauti ile ile. Angemtukana, labda mzee angepata nafuu. Mzee amekonda, hali chakula, na watu wanasema ni uzee.

Mimi nilikuwa mmoja wa majirani wale. Sofa ilikuwa yangu. Siku ile tulimwazima mzee kila alichoomba, tena kwa furaha, na tukampangia vizuri. Basi niambieni, ni nani kati yetu aliyemshika mkono akamwambia: acha wakuone ulivyo?