Yai Kwenye Geti la Fisi

Siku ile walikuwapo Fisi, Digidigi, Kanga na Kobe mwamuzi. Ni zamani sana, wanangu, enzi wanyama wa kike walipokuwa na ligi kuu yao ya mpira. Kobe alikuwa akisoma ratiba ya msimu mpya.

"Mechi ya ufunguzi: Fisi na Digidigi. Uwanja wa Fisi."

"Hihihiii!" nahodha wa Fisi akacheka. "Karibuni ligi kuu, wadogo zangu. Kwetu anayefungwa harudi kwao. Tunamla!"

Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba. Fyuu!

Digidigi mdogo kuliko wote akaanza kulia. "Dada, mimi siendi!"

"Tusipokwenda tunafutwa kwenye ligi," nahodha wake akasema.

Kanga akamfunika yule mdogo kwa bawa lake mpaka akatulia.

"Shangazi Kanga," nahodha akanong'ona, "wewe ni jirani yao. Fisi wanaogopa nini?"

"Uchawi wa mpira! Wakiona kitu wasichokijua getini, hawapiti. Wanaruka ukuta."

"Na uwanja wao?"

"Hauna ukuta, umezungushiwa miiba. Geti ni moja."

"Nipe yai, shangazi."

Kanga akapekua kiota chake. Kisha akatoa moja. "Hili ni viza, mwanangu. Nimelilalia bure. Chukua."

Siku ya mechi Digidigi waliwahi kuingia. Nahodha akapasua yai getini, pwaa! Akalizungushia majivu.

Fisi wakaja wakiimba. Getini wakasimama ghafla.

"Yai! Na majivu! Tumerogwa!"

"Rukeni miiba!"

Wakaruka, wakanasa. "Aiii! Mguu wangu!"

Nahodha wao akatazama yai, akatazama Digidigi. Akainua mguu taratibu, akaupitisha juu ya majivu. Digidigi wakasogeleana.

Nahodha wa Digidigi akajikaza, akatabasamu. "Pita, dada! Hapo hapo! Tunakusubiri wewe!"

Fisi akashtuka. "Mbona unanikaribisha?" Akaurudisha mguu upesi.

Priii! Kobe akapuliza filimbi. "Muda wa kuingia uwanjani umekwisha, Fisi hawajaingia. Ushindi ni wa Digidigi!"

Digidigi hawakungoja makofi. Wakachomoka chini ya miiba upande wa pili, vup! vup!, yule mdogo akiwa mbele kabisa.

Wanangu, anayependa kutisha wenzake mara nyingi ni mwoga kuliko wao.

Msimu ule Digidigi hawakushuka daraja.