Nguchiro na Kasuku wa Mlangoni

Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Na wewe mtu mzima unayechungulia simu, iweke chini, ngano hii inakuhusu.

Hapo zamani za kale, wanyama walichimba mji chini ya kilima. Haukuwa wa mmoja, ulikuwa wa wote. Aliyetaka alichimba, aliyetaka aliziba. Sharti lilikuwa moja tu: ukigusa kitu, mwambie Kasuku mlangoni umefanya nini na kwa nini. Kasuku ataimba, wajao wasikie.

Fuko alimwambia, "Nimechimba juu ya chumba cha watoto, penye jiwe jeupe, wapate joto la jua. Udongo umebaki mwembamba, msikanyage." Kasuku akaimba yote.

Sasa Nguchiro. Huyu hatulii! Kwaru kwaru, huku anachimba. Pu! Kule anaziba. Mchapakazi kweli, ila kueleza hataki.

"Umefanya nini, Bwana Nguchiro?"

"Nimerekebisha."

"Umerekebisha nini?"

"Aa, imba tu bwana! Nina kazi."

Kasuku akaimba: Nguchiro karekebisha. Kesho yake: Nguchiro karekebisha tena. Kesho kutwa: Nguchiro, vitu vidogo vidogo.

Mvua ikaja. Shaaa! Maji yakaingia mjini, yasitoke. Mfereji wa kuyatoa umezibwa! Na kule chumba cha watoto wanawe Nguchiro wanalia.

"Kasuku! Nani kaziba mfereji?" wanyama wakauliza.

"Nguchiro karekebisha, Nguchiro karekebisha tena..."

Wakamgeukia: "Nguchiro, uliziba wapi?"

Nguchiro akazunguka. Akanusa ukuta huu, akanusa ule. Vizibo vyake vyote vinafanana. "Ni mimi," akasema, "lakini sikumbuki!"

Akabomoa kimoja. Pwaa! Kumbe kile kilizuia mto. Njia ya chumbani ikafunikwa na maji.

"Babaaa!"

Ndipo akamsikia Kasuku, angali anaimba: "...juu ya chumba cha watoto, penye jiwe jeupe, udongo umebaki mwembamba, msikanyage..."

Nguchiro akatoka mbio, akapanda kilima, akalifikia jiwe jeupe. Akakanyaga palepale palipokatazwa. Akakanyaga, akakanyaga. Bwaa! Udongo ukaporomoka. Akawavuta wanawe mmoja mmoja, matope hadi masikioni, wote wazima.

Mji ukazama. Nguchiro akamwendea Kasuku, na kwa mara ya kwanza akaketi.

"Imba hivi: Nguchiro aliziba mfereji. Hakusema wapi, hakusema kwa nini. Mji umezama. Wanawe wameokolewa na maneno ya Fuko."

"Ndefu hiyo, bwana."

"Imba yote."

Basi wenzangu, ukigusa kazi ya wengi, sema wazi umefanya nini na kwa nini, ajaye aelewe. Huenda ajaye ni wewe mwenyewe.

Hadithi yangu imeishia hapo; aliyesinzia amwulize jirani.