Shikamoo ya Chemchemi ya Mabwe

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na maji!

Yakawa na mwenyewe!

Ijumaa moja alasiri, mwaka visima vyote vilipokauka, Bibi Mwanamvua aliingia kuoga katika chemchemi ya Mabwe. Hakutoka.

Mjukuu wake, Kidawa, alikuwa ukingoni akifua kanga. Akakimbia mpaka kwa baba yake, Mwinyikondo.

"Baba, maji yamemsalimu bibi! Yamesema, 'Shikamoo.' Bibi akaitika, 'Marahaba.' Akavutwa chini."

Majirani wakaguna. "Basi maji yana adabu kukushinda wewe, unayepita watu kimya kama mbuzi!"

Ijumaa ya pili akaenda Fundi Sefu, mchimba visima.

"Maji haya nayajua tangu yakiwa tone," akasema, akajitosa.

Sauti ikatoka chini, laini kama ya mkwe. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu!"

Fundi akazama. Ikabaki kofia yake, inaelea. Safari hii watu waliona, na hakuna aliyeguna.

Ijumaa ya tatu Mwinyikondo akajifunga shuka, akachukua panga.

"Namfuata mama yangu."

"Basi usiitike, baba."

"Salamu ya mtu niiache chini? Mimi nimelelewa."

"Shikamoo maana yake nashika miguu yako. Ukisema marahaba, umempa miguu."

"Tangu lini mtoto akamfundisha baba yake salamu?" Akatia mguu mmoja majini.

Kidawa hakubishana. Akampita baba yake, akajitosa, akaita kabla hajaitwa.

"Shikamoo!"

Maji kimya.

"Shikamoo!"

Maji yakatikisika.

"Shikamoo, mzee wa chini!"

Mle ndani mlikuwa na zimwi, na tangu lizaliwe halijawahi kuamkiwa na mtu. Likajisahau.

"Marahaba," likaitika.

Basi Kidawa akazamia, akalishika miguu. Sauti zao zikapanda na mapovu, na Mwinyikondo akazisikia zote.

"Niachie, mtoto!"

"Siachii."

"Niachie, nikupe dhahabu!"

"Siachii."

"Niachie, nikupe bibi yako!"

"Yuko hai?"

Zimwi likanyamaza.

"Basi siachii."

Mwinyikondo akapiga magoti ukingoni. "Kidawa! Liachie, utoke, mwanangu!"

"Nikiliachia, baba, litakusalimu wewe."

Mwinyikondo akaita tena. Mapovu yalikuwa yamekwisha. Akajitosa na panga lake, akapapasa huku na huku, akapata mchanga na mawe.

Ijumaa ya nne Mwinyikondo aliingia majini mpaka shingoni. Akasimama humo hadi jua likatua. Hakuna aliyemsalimu.

Ijumaa ya tano wanakijiji waliteka maji. Ya sita, wakaoga. Hakuna aliyeshikwa. Kidawa hakutoka.

Hadithi yangu imefika hapo, nami sina la kuongeza ila hili: salamu ni njema, wanangu, lakini mtu akikuinamia, tazama mikono yake imeshika nini.